Karafuu Haingojwi Iive

(Hotuba kwa wanafunzi wanaomaliza kidato cha nne, Pemba, katika msimu wa karafuu)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazee wa kamati ya skuli, akina mama mlioacha majamvi yenu uani mkamwachia jirani ayaangalie ili mje kukaa hapa, na nyinyi wanangu mliovaa sare hizi kwa siku za mwisho mwisho. Ahsanteni kwa kunialika.

Nimeombwa niseme juu ya subira. Mwalimu Mkuu aliponipigia simu nilimwomba anipe siku mbili kwanza. Sikuwa na safari wala mgonjwa. Ni neno lenyewe lililonikalisha chini. Nimelisikia tangu kuzaliwa kwangu. Nimeambiwa "subiri" na watu walionipenda, na nimeambiwa "subiri" na watu waliotaka ninyamaze tu. Nikaona kama nitasimama mbele ya watoto wa watu, nisiwamiminie neno hili na makonyo yake, kama karafuu isiyotolewa vijiti vyake. Nilichambue kwanza.

Nimekuja na kitu. Kishada hiki nimekikata alfajiri nyuma ya nyumba yangu. Walioko mbele wanakiona, wa nyuma mtanisamehe, lakini hakuna Mpemba hapa asiyejua kishada cha karafuu kilivyo. Hizi bado zina ukijani. Hizi zimeanza kuona wekundu kwa mbali, na hizo ndizo zinazochumwa. Halafu ziko mbili hapa juu zimeshafunguka, zimetoa nyuzi zake nyeupe. Ndizo zinazopendeza kuliko zote, na nyuki anazifuata hizo. Lakini ukizipeleka kituoni, kule zinakonunuliwa karafuu, mpimaji atazitupa pembeni. Zimechelewa.

Sasa, nimefundisha Kiswahili kwa miaka 31, na kila mwaka nimeandika ubaoni: mvumilivu hula mbivu. Ni methali ya kweli kwa embe, kwa ndizi, kwa fenesi. Kwa karafuu si ya kweli. Karafuu haingojwi iive. Ni tumba, ni ua ambalo halijafunguka, na thamani yake yote iko katika zile siku chache kabla halijafunguka. Ukifanya papara ukaichuma changa, haina mafuta ya kutosha na itasinyaa juani. Ukijikalia ukiita kukaa kwako uvumilivu, inafunguka na msimu wako umepotea.

Ndiyo maana lugha yetu haikutupa methali moja tu. Wazee walisema subira huvuta heri, na wazee hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Walisema haraka haraka haina baraka, kisha wakasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza, mwalimu, ya kweli ni ipi? Nilikuwa nikiwajibu kwa kuzunguka. Leo nina jibu, na nililipata kwa baba yangu, ambaye kalamu aliishika mara chache mno maishani mwake.

Baba alipata eka tatu, kama walivyopata wengi baada ya Mapinduzi ya 1964. Ndani yake mlikuwa na mikarafuu mikongwe michache na sehemu kubwa ya kichaka. Nilikuwa darasa la pili alipoanza kusia. Mbegu ya karafuu haiwekwi ghalani kama ya mahindi. Ikikauka imekufa. Inachukuliwa kwenye tunda lililoiva, inamenywa ganda, na inatiwa udongoni ingali mbichi. Kisha unangoja wiki kadhaa ndipo uone kijani. Kisha mche unakaa kivulini mwaka mzima na zaidi, kwa sababu jua kali la mchana linauua. Baba alivifunika vitalu vyake kwa makuti, na mimi na kaka yangu tulikuwa na kazi ya maji, ndoo asubuhi na ndoo jioni. Alipokuja kuihamisha shambani aliipanda karibu na migomba ili ipate kivuli huko pia.

Halafu ikaja ile miaka. Mkarafuu hukaa miaka sita, saba, hata minane kabla ya kukupa kitu. Baba hakuwa akiketi barazani kuihesabu miaka hiyo. Alipalilia. Alipambana na mchwa. Mche uliokufa aliung'oa akapanda mwingine siku ile ile. Na katikati ya mistari alilima muhogo. Nataka mniangalie hapa kwenye muhogo, kwa sababu wanaohubiri subira mara nyingi wanaruka mahali hapa. Watoto sita hawawezi kula mkarafuu wa miaka mitatu. Subira ya baba ilikuwa na muhogo chini yake. Asiye na muhogo hawezi kungoja. Atauza mti ukiwa mche, na tusimwite mpapara. Ana njaa.

Siku tuliyochuma mara ya kwanza nilikuwa kidato cha pili. Haikuzidi pishi chache. Baba alizimimina kwenye jamvi, akazitandaza kwa kiganja, akakaa akiziangalia mpaka adhana ya magharibi.

Katika kuanika ndipo nilipojifunza jambo langu mwenyewe, na nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba alikwenda Wete kwa shughuli, akaniachia majamvi matatu yaliyojaa. Wenye kuijua kazi hii wanajua: asubuhi unatandaza, unageuza, mawingu yakijikusanya unaanua, jua likirudi unaanika tena, na jioni unafunika. Siku nne, tano, mbingu zikikataa hata wiki. Karibu kilo tatu za mbichi ndizo zinazokupa kilo moja kavu. Siku ya pili jioni zilikuwa zimeshaanza rangi ya hudhurungi, na kijiji cha pili kulikuwa na harusi. Nikajiambia zimekauka. Nikazitia kwenye polo, nikafunga, nikaenda harusini.

Karafuu ikikauka sawasawa, ukiivunja inakatika kwa mlio. Yenye maji bado inapinda. Sikuivunja hata moja, kwa sababu nilijua itapinda.

Baba alikawia siku nyingi huko Wete, na zile polo zikakaa. Tulipozifungua kituoni harufu ilitutangulia. Zilikuwa zimepata joto ndani, zimefifia rangi, nyingine zina ukungu. Mpimaji alizisukuma daraja la chini kabisa, na nyingine alizikataa. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mwendo mrefu, baba yuko mbele. Nilingoja anikaripie. Tulipofika kwenye mwembe wetu aligeuka akasema, "Zilikuwa zimebakisha siku mbili tu." Hakusema lingine, wala hakulirudia maisha yake yote.

Siku mbili tu. Wanangu, watu wengi hawashindwi na miaka minane. Miaka minane ina fahari yake, mtu anajiona shujaa. Wanashindwa na zile siku mbili za mwisho, ambazo hazina sifa wala mtu wa kukupigia makofi, wakati kitu kinaonekana kimekwisha na hakijakwisha. Mwanafunzi anayeacha kurudia hesabu kwa sababu amepata jibu. Fundi anayepaka rangi ukuta ambao plasta yake haijakauka. Mgonjwa wa kifua kikuu anayeambiwa ameze dawa miezi sita, mwezi wa pili kikohozi kimekoma, akaziweka kabatini. Ugonjwa unarudi, na mara hii unaweza kuwa umeshazizoea dawa zile. Kama mna mtu wa namna hiyo nyumbani, mkitoka hapa nendeni mkazitafute hizo dawa kabatini mkae naye amalize.

Sasa niseme lile lililonifanya niombe siku mbili.

Mikarafuu haikuanzia hapa. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sultani Seyyid Said akaieneza kwa nguvu. Mwaka 1872 kimbunga kikaing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na kuanzia hapo sisi ndio tukawa kisiwa cha karafuu. Tunayasimulia haya kwa fahari. Lakini waliochimba mashimo yale na kupanda na kuchuma kwa miaka hiyo yote wengi wao walikuwa watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria hapa mpaka 1897. Walingoja kila msimu, wakaona kila mavuno, na mavuno hayakuwa yao. Mtu asiye na ruhusa ya kusema hapana, kunyamaza kwake tusikuite subira. Tukikuita hivyo tunamsifu aliyemfunga.

Na jambo hili halikwisha mwaka 1897. Nilipoanza kazi malimbikizo ya mshahara wangu yalikwama katika ofisi moja. Kila nilipokwenda niliambiwa, "Subiri mwalimu, faili linashughulikiwa." Nilisubiri mwaka na miezi minne. Nikajisifu mbele ya wenzangu kwamba mimi ni mtu wa subira. Mama yangu akaniuliza siku moja, tukiwa jikoni, "Umekwenda lini mara ya mwisho?" Nilikuwa na miezi mitano sijakwenda. Kumbe nilichokiita subira kilikuwa woga wa kuonekana msumbufu. Baada ya hapo nilikwenda kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na nakala ya barua yangu, na daftari nikaandika tarehe na jibu nililopewa. Sikupandisha sauti hata mara moja. Mwezi wa nne nikalipwa. Kungoja kulikuwa kule kule, isipokuwa sasa nilikuwa kama mchumaji aliye chini ya mti akiangalia juu, asipitwe na siku ya kuchuma.

Akina mama na akina baba, naomba mnisikilize kwa hili, na nasema kwa heshima zote. Binti anarudi kwao usiku, jicho limevimba, na watu wazima wanamzunguka wanamwambia, "Mwanangu, ndoa ni subira." Ndoa ni subira kweli. Mume akikosa kazi, subira. Mtoto akichelewa, subira. Mkwe akiwa na maneno, subira. Ngumi si katika mambo ya subira. Binti yule anahitaji mlango ufunguliwe, daktari aone jicho, na wazee wanaume wa upande wetu waondoke asubuhi ile ile waende wakazungumze. Nimewahi kuwa miongoni mwa waliomrudisha binti wa namna hiyo. Nililitumia neno hili hili mlilonialika nilizungumzie. Mpaka leo nikimwona njiani natangulia mimi kumwamkia, na kila mara yeye huitikia.

(Ukumbi ulinyamaza hapo, nami nikanywa maji kidogo kabla ya kuendelea.)

Wanangu, nije kwenu.

Marehemu bibi yangu alikuwa msukaji. Miyaa ikikatwa inaanikwa, inachanwa, inasukwa ukili, na ukili unashonwa duara kwa duara mpaka jamvi litoke. Ukili ni upana wa vidole tu. Alikuwa akisuka huku akizungumza, huku akituangalia, huku akipika, mikono yake haikuhitaji macho. Mwaka jana kijana mmoja niliyemfundisha alinijia akiwa amekonda uso. Nikamuuliza, una nini? Akasema, "Mwalimu, mkeka umechanika." Nikamuuliza mkeka gani, ndipo akanieleza. Mkeka wa kubashiri mipira, kwenye simu. Siku kumi nzima alikuwa juu ya mikarafuu ya watu, kamba kiunoni, upembo wa kuvutia matawi mkononi, akilipwa kwa pishi, na pesa yote ya siku kumi ameitia kwenye mechi sita za nchi asizozijua. Niliumia sana. Kijana yule ni hodari. Mkarafuu mrefu anaupanda kama ngazi ya kwao. Uvumilivu wa mwili anao kuliko mimi. Kilichomshinda ni kuamini kwamba kidogo chake cha kila siku kinaelekea mahali.

Hapo ndipo ninapowaonea vijana huruma, wala sitaki kuwasema vibaya. Baba yangu aliona miti ya babu yake, akajua mti unatoka wapi na unafika wapi. Nyinyi mnaonyeshwa kwenye simu mtu ana nyumba na gari, hamwonyeshwi ndoo asubuhi na ndoo jioni. Mtu akiona mwisho tu bila njia, ataruka.

Nendeni mkawaangalie mama zenu kwenye upatu. Wako kumi na wawili, kila Ijumaa kila mmoja anatoa chake, kijumbe anakusanya, mmoja anapokea. Wa kwanza anapokea wiki ya kwanza, wa mwisho anangoja karibu miezi mitatu, na kila wiki anatoa kama wengine. Katika upatu wetu yuko mwanamke ambaye huomba awe wa mwisho kila mzunguko. Anasema pesa ikimjia mapema inatawanyika, ikimjia mwisho anakuwa ameshajua itakwenda wapi. Nyumba yake ameiezeka bati vyumba viwili kwa njia hiyo, na ni muuza maandazi. Lakini tazameni, anaweza kuwa wa mwisho kwa sababu anamwamini kijumbe na anawaamini wenzake kumi na mmoja. Pasipo uaminifu hakuna wa kungoja. Anayetaka watu wawe na subira naye, awe mtu wa kutimiza.

Novemba mna mtihani wa taifa. Baada yake matokeo hayatoki mpaka mwakani, na wiki hizo nazijua, nimeziona nyumbani kwangu kwa watoto wangu wanne. Msilale mchana mkakesha na simu. Jifunzeni kitu kwa mikono. Yuko fundi cherehani, yuko wa pikipiki, wapo wavuvi. Matokeo yakija mabaya, yupo mwalimu mmoja katika skuli za kisiwa hiki aliyefanya mtihani wake mara tatu. Yeye mwenyewe ameniruhusu niwaambie habari hiyo, ila jina lake tumekubaliana nisilitaje.

Nimalizie habari ya baba. Miaka ya 1980 bei ya karafuu ilianguka. Indonesia ndiyo iliyokuwa ikinunua kwa wingi, kwa ajili ya sigara zao zinazotiwa karafuu, na wao wakapanda mikarafuu yao mpaka wakajitosheleza. Jirani yetu alikata miti yake kumi na mitano akachoma mkaa. Simlaumu, nimeshasema habari ya muhogo. Watu walimjia baba wakamwambia akate naye. Hakubishana nao. Aliendelea kupalilia miti ambayo karafuu zake hazikulipa hata gharama ya mchumaji, na palipokufa mmoja aliendelea kuziba pengo kwa mche mpya. Nilikuwa nimeshaanza kazi wakati huo, nikamwambia, baba, hii mipya unampandia nani, wewe una miaka sabini? Akanijibu kwa hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba hata Kiama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Kisha akaniambia nimshikie ndoo.

Alifariki bei ikiwa bado chini. Hakuiona ikipanda. Walioiona ni sisi watoto wake, na kishada hiki nilichokishika kimetoka kwenye mmoja wa ile mipya.

Sasa sikilizeni, hili ni la kazi. Nje, upande wa kivuli cha ukuta, nimeleta miche. Imekaa kwangu mwaka na miezi saba, nimeisia mwenyewe. Iko sabini na sita na nyinyi ni sabini na wanne, iliyobaki ni ya akiba kwa watakaofiwa na mche. Kila mmoja achukue wake. Msiupande leo wala kesho. Uwekeni chini ya mwembe au ubavuni mwa nyumba pasipo na jua la mchana, mwagilieni jioni, mngoje masika. Mvua ikishika chimbeni shimo la kina cha goti, tieni samadi iliyooza, na karibu yake pawe na mgomba. Asiye na shamba ampandie bibi yake. Anayekwenda Unguja au Dar es Salaam amwachie mdogo wake, na akipiga simu aulizie.

Tokeni safu kwa safu. Wanaorudi Konde watangulie kuchukua, gari lao linaondoka mapema. Na mawingu yale ya upande wa magharibi nimekuwa nikiyaangalia dirishani kwa muda sasa. Akina mama, ni wakati wa kuanua.